Barua ya wazi kwa wasimamizi wa vyombo vya majini: kibao cha mwendo peke yake hakitusaidii maji yakiwa mafupi

Shikamooni wakubwa zetu. Naandika kwenu nyie mnaopanga sheria za vyombo vidogo, mnaotoa leseni za boti, mnaoagiza maboya na mnaosimamisha vile vibao vya mwendo kwenye mito, maziwa, mikoko na ufukwe. Sina ugomvi na vibao. Ugomvi wangu ni kwamba kibao kinasema kilomita 10 kwa saa, basi, namba imeshatoka, rangi imeshapigwa, na aliyeiandika hakuuliza pale chini pana maji kiasi gani. Na kwa sisi tunaoendesha vijiboti vya mashine ya kupachika nyuma kwenye maji ya magotini, hicho kiasi ndo kila kitu.

Ngoja nieleze kwa kirefu kidogo maana naona hapa ndo tunapopishana.

Boti ndogo ikienda taratibu kabisa inakaa bapa kwenye maji, wimbi inaloacha nyuma ni kama hakuna. Ikienda kasi ya kutosha inapanda, inateleza juu ya uso wa maji, na hapo mwili wake unazama kidogo kuliko hata ilivyokuwa imesimama. Kubaya ni katikati. Hapo omo, yani mbele ya boti, inaangalia mawinguni, tezi, yani nyuma, imekaa chini, nahodha haoni mbele, propela inaikaribia tope na wimbi linalotoka nyuma ni kubwa kuliko la mwendo mwingine wowote. Kwa boti ya kama mita 5 huko katikati kunaanzia kwenye kilomita 10 mpaka 13 kwa saa hivi. Yani hiyohiyo namba mliyoibandika.

Maji mafupi yanaongezea chumvi kwenye kidonda. Wimbi likiwa kwenye maji mafupi haliwezi kukimbia zaidi ya kiwango fulani na kiwango hicho kinaamuliwa na kina tu, haijalishi boti ni ya nani wala mashine ina nguvu gani. Hesabu yake mtu wa sekondari anaiweza: kina kwa mita, zidisha kwa 9.81, tafuta kipeuo cha pili, jibu ni mita kwa sekunde. Kwenye kina cha mita 2 unapata kama kilomita 16 kwa saa, mita 1 unapata 11, nusu mita unapata 8. Chombo kikikaribia huo mwendo kinakuwa kinafukuzana na wimbi lake chenyewe, hakiliachi wala hakiachwi, maji yanarundikana mbele na kupungua chini ya tezi, tezi inavutwa kwenda chini, unaongeza moto na boti haiendi, unachopata ni mawimbi tu. Manahodha wa meli kubwa wanaijua sana hii na ndo maana kwenye mifereji wanatembea kwa adabu. Sasa piga hesabu ya sentimita 80, ambayo ndo kina cha kawaida kabisa cha sehemu tunazopita: jibu linakuja kilomita 10 kwa saa, pale pale kwenye kibao. Mmetuandikia sheria inayotuambia tuendeshe kwa mwendo mbaya kuliko yote, na anayeitii kwa moyo mweupe ndo anayebomoa kingo na kupindua mitumbwi ya watu.

Najua mtasema kibao kinaweka mwisho tu, hakijamlazimisha mtu afike huko, anaweza kwenda pungufu. Sawa, kisheria ni kweli. Lakini nyie wenyewe mnajua binadamu akiona namba anaenda na namba, tena akikamatwa anasema mbona nilikuwa chini ya 10, na askari wenu hana la kumjibu ingawa wimbi limepanda mpaka kwenye mizizi ya miti.

Na hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta msingi wa kisheria. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, kanuni ya 6, inayozungumzia mwendo salama, haina namba hata moja ndani yake. Inataja mambo ya kuangaliwa, na mojawapo limeandikwa wazi: chombo kimezama kiasi gani ukilinganisha na kina cha maji kilichopo. Hiyo imeshakubaliwa na nchi karibu zote zenye meli. Sasa inakuwaje chombo cha tani elfu 50 kinaambiwa kiangalie kina, alafu kijiboti cha mbao kinaambiwa kiangalie kibao?

Jimbo la Florida kule Marekani, ambako maji mafupi ni mengi na boti ni nyingi kupita kiasi, kwenye maeneo yao mengi hawakuandika namba kabisa. Wana ngazi mbili. Ya kwanza ni mwendo wa mashine kuwa gia imeingia tu bila kuongezwa mafuta, na isitoe wimbi. Ya pili ni boti iwe imeshuka yote, imekaa sawa kwenye maji, haijainua omo, na wimbi liwe dogo. Yani wanaangalia boti imekaaje. Askari haitaji mashine ya kupima spidi, anatumia macho: omo iko juu? Umekosea. Na mwendeshaji naye haitaji spidomita, ambayo boti zetu nyingi hazina, na hata zile zenye kibomba cha kupimia maji kule nyuma, kikishaziba tope inasoma sifuri siku nzima.

Ombi langu la kwanza basi ni hilo, na kama mtafanya hilo tu mengine yote mkayaacha nitashukuru. Kwenye maji mafupi ondoeni namba, andikeni "boti ikae bapa, isitoe wimbi". Kwenye maeneo ya watu wanaooga, wavuvi wa kusimama majini, mitumbwi, hapo ni kutambaa tu, hakuna mjadala. Na pale ambapo ni parefu kwa umbali na hakuna watu, tupeni njia iliyopimwa na kuwekewa alama ambayo boti inaruhusiwa kupanda juu na kupita ikiwa imeteleza, kisha ikifika mwisho inashuka. Msituache tuning'inie katikati.

Ila hapo kwenye njia kuna kitu ambacho aliyezoea maji marefu hakijui, nakisema kwa sababu nimeona ramani za mapendekezo ambazo njia inaanzia kwenye fungu la mchanga. Kina kinachotosha boti kupita ikiwa imeshateleza hakitoshi kuinukia. Wakati wa kuinuka tezi inazama kwanza, propela inachimba, ndo inapanda. Kwaiyo mwanzo wa njia lazima uwe na shimo, maji mengi, na mwisho wake pia, kwa sababu boti ikipunguza mafuta ghafla inaketi, wimbi lake la nyuma linaifuata linainyanyua kidogo alafu linapita na kuiacha ikishukia chini. Ukiketi katikati ya maji ya sentimita 30 hapo umekwisha, huwezi kuinuka tena, mtasukuma. Mkichora njia chukueni mtu anayeendesha hapo kila siku akae ndani ya boti mkipima, asiletwe siku ya kukata utepe.

Tuje kwenye alama. Kifaa cha kupimia kina kwa sauti kinakaa nyuma chini ya tezi, kwaiyo kinakuambia kina cha pale ulipokwishapita, na kwenye maji chini ya nusu mita vingi vinaanza kuweweseka, kinasoma povu, kinasoma majani, mara kinakuambia mita 30. Pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, yenye alama za rangi ni ya uhakika kuliko hicho kifaa. Ramani za bahari nazo nyingi zinaishia pale ambapo meli zinaishia, huku kwetu ni rangi moja ya kijani inayomaanisha panakauka maji yakipwa, kwaheri. Ndo maana tunawaomba mbao za kina. Ubao wenye mistari ya sentimita 10, umesimamishwa pale penye kina kidogo kuliko kote kwenye njia, sio gatini. Ubao wa gatini unapendeza kwenye picha lakini gatini sipo ninapokwama mimi. Ukiwa kwenye fungu la mchanga lenyewe naangalia tu, maji yanasoma 40, boti yangu inataka 45, nageuza narudi, hakuna aliyepoteza kitu.

Na alama za pembeni ya njia zifuate mfumo mmoja. Dunia imegawanyika mara mbili kwenye hili, upande mwingi wa dunia ikiwa pamoja na Afrika na Ulaya ukiingia kutoka baharini nyekundu inakuwa kushoto kwako, na kule Amerika, Japani, Korea na Ufilipino nyekundu inakuwa kulia. Hilo limekubaliwa tangu 1980 na sisi hatuna shida nalo. Shida ni pale ambapo boya rasmi liko mbali, alafu ndani huku wenyeji wamechomeka matawi yao na chupa za plastiki kwa utaratibu wao, na mgeni haelewi tawi maana yake pita huku au usipite huku. Msiyang'oe hayo matawi tafadhali. Walioyachomeka wanajua. Kaeni nao, mkubaliane upande, mpake rangi, na mrudi kila baada ya mafuriko au bamvua kubwa, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mpevu, kwa sababu mchanga unahama na boya linabaki limesimama pale pale likidanganya watu. Boya la uongo ni baya kuliko kukosa boya, maana asiye na boya anaenda pole.

Hili la maji kupwa nalo liingie kwenye mafunzo ya leseni kwa kweli. Mtihani unamuuliza mtu taa za meli inayovuta nyavu usiku, vizuri, lakini haumuulizi maji yanashuka kwa kasi gani. Maji hayashuki sawasawa kwenye zile saa sita. Saa ya kwanza yanashuka kidogo, ya tatu na ya nne ndo yanakimbia, nusu ya maji yote inaondoka ndani ya hizo saa mbili. Kama tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3, hapo unapoteza mita moja na nusu ndani ya saa mbili, zaidi ya sentimita moja kila dakika. Mtu amekwama, anavuta sigara, anapiga simu ya kumwita mwenzie, dakika 10 zimepita maji yamepungua kiganja kizima, kashapwelewa, anasubiri mpaka yajae.

Kwenye mafunzo hayohayo ongezeni la kukwama lenyewe. Mtu akigonga chini cha kwanza anachofanya ni kurudisha nyuma kwa nguvu zote. Ukiweka rivasi mashine inafungwa isiinuke, kwaiyo ikigonga jiwe inagonga vizuri kabisa bila kukwepa, na maji ya propela yanasukumwa kwenda mbele chini ya boti yakiwa yamejaa mchanga, na mashine inauvuta huo mchanga kwenye njia ya kupoza. Ile impela ya mpira ndani ya pampu inalika, baadae siku nyingine kabisa mashine inachemka na fundi anaonekana tapeli. Zima. Inua mashine. Sogeza watu waende upande wenye maji mengi, shika pondo, sukuma ulikotokea. Na uangalie kile kijito cha maji kinachotoka pembeni ya mashine, kikikatika zima hapohapo, usiseme nafika tu pale mbele. Ukitembea umeinua mashine nusu, hakikisha tundu la kuvutia maji bado limezama, maana propela inaweza kuendelea kuzunguka vizuri tu huku mashine inakunywa hewa.

Nije kwenye ukaguzi. Wakaguzi wenu wanahesabu majaketi, wanaangalia kizima moto, safi, endeleeni. Lakini sijaona anayepima urefu wa mashine na kimo cha ubao wa nyuma. Mashine hizi shina fupi ni kama sentimita 38 na refu ni kama 51. Ukipachika shina refu kwenye ubao wa nyuma uliotengenezwa kwa shina fupi umeongeza kina cha chombo kwa sentimita 13 bila faida yoyote, na watu wanafanya hivyo kwa sababu ndo mashine iliyopatikana sokoni. Pima kwa futi tu, dakika moja. Lile bapa lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya boti au juu yake kidogo, likining'inia mbali huko chini mwambie mwenye boti ainue mashine au ainue ubao.

Uzito pia. Leseni inasema abiria sita, na inasema sita maji yawe marefu au mafupi. Boti bapa yenye eneo la kama mita 4 kwa 1.2 majini, kila mtu mzima anaizamisha kama sentimita moja na nusu. Watu sita ni sentimita 9, na kama wote wamerundikana nyuma kwa nahodha ili wasirushiwe maji, tezi inazama zaidi ya hapo. Kwenye kina cha sentimita 40 hizo 9 ndo zinaamua. Tangi la mafuta nalo likae mbele, bomba refu sio ghali kuliko propela. Sisemi mpunguze abiria kwa sheria, nasema cheti kiandike boti inazama kiasi gani ikiwa tupu na ikiwa imejaa, sentimita mbili tu za wino. Bila hiyo ubao wa kina nilioomba hapo juu haunisaidii, nitajua maji ni 40 lakini sijui mimi ni ngapi.

Kuna fununu kwamba baadhi yenu mnafikiria kupiga marufuku propela kwenye maji mafupi na kutaka wote tutumie mashine za kusukuma maji kwa ndani, zile zinazovuta maji na kuyarusha nyuma. Mashine hizo ni nzuri, Bill Hamilton wa New Zealand alizianza mwaka 1954 kwa ajili ya mito ya kwao yenye changarawe na kina cha kidole, na mwaka 1960 zikapanda mto Colorado wa Marekani kupitia korongo la Grand Canyon kwa kwenda juu, mto ambao watu walikuwa wanashuka tu. Lakini mjue na upande wa pili. Ukilinganisha na propela unapoteza kama asilimia 30 ya nguvu, mafuta yanaenda, majani yanaziba chujio, changarawe inakula impela, na ukiachia mafuta ghafla boti haina usukani kabisa, inaenda ilikokuwa inaenda. Mtu mgeni akiona mwamba anaachia mafuta na kukata kona, na boti haikati. Thailand wao wanatumia mashine ya shina refu lililonyooka nyuma, mwendeshaji analiinua kwa mkono propela ikagusa uso wa maji tu, na kwenye vinamasi vya Louisiana, Marekani, wana mashine za aina hiyo zinazopozwa na upepo, hazina haja na maji ya kupoza hata kwenye tope. Kila maji yana mashine yake. Andikeni matokeo mnayoyataka, yani chini pasichimbwe, wimbi lisitoke, mtu asikatwe, njia ya kufika huko muwaachie wenye boti.

Kwenye majani ya bahari nitakuwa upande wenu kabisa, tena mnaweza kuwa wakali kuliko mlivyo. Propela ikipita kwenye majani inakata mpaka ile mizizi inayotambaa chini ya mchanga, na ule mfereji hauzibiki msimu ujao, kwa majani mengine unachukua miaka, hata kufika 10, na wakati huo mkondo unauchimba uzidi kupanuka. Hifadhi ya Everglades National Park, hukohuko Florida, walianzisha eneo mwaka 2011 sehemu inaitwa Snake Bight ambako mashine ya mafuta inazimwa, unaingia kwa pondo au kwa kimota cha umeme, na pembeni wakaacha njia zenye alama za kuingilia. Hilo linakubalika kwa sababu kuna njia. Mkifunga bila kuacha njia watu watapita usiku.

La mwisho ni kamba ya kuzimia mashine, ile nahodha anayojifunga, akirushwa inachomoka na mashine inazima. Maji marefu watu wanaiona ya waoga. Kwenye maji mafupi ni muhimu mara mbili, kwa sababu boti ikigonga fungu inasimama na wewe huendelei kukaa, unarushwa mbele, na mashine bado inazunguka. Na kingine, watu wakikwama wanaruka chini kusukuma, na wa kusukuma wanasimama wapi? Nyuma. Pembeni ya propela. Marekani tangu tarehe 1 Aprili 2021 boti zenye urefu wa chini ya futi 26 zikiwa zimepanda na kuteleza, au zinaenda kasi kupita mwendo wa kukaa bapa, lazima nahodha awe amejifunga kamba hiyo au kifaa cha aina hiyo, kama boti imewekewa. Sheria yenu iongeze na maneno haya: hakuna mtu kushuka majini kabla mashine haijazimwa na ufunguo kutolewa. Kuweka gia huru haitoshi, gia inaweza kuingia kwa kuguswa na goti.

Hayo ndo yangu. Mkianza kubadilisha vibao, kuna kitu kidogo cha mchoraji. Herufi ziwe kubwa na kibao kisipandishwe juu sana wala kisifichwe na matawi, kwa sababu anayekisoma amekaa chini, macho yake yako kama mita moja tu juu ya maji, mkono mmoja uko kwenye mashine na jua linampiga usoni likitokea kwenye maji. Na kile cha zamani chenye namba mking'oe siku hiyohiyo, msiviache viwili vikabishana.

Wenu,
mwendesha boti ndogo